Milimita Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyekubali kuacha ofisi yako kwa ajili ya mstaafu mmoja; Mganga Mkuu wa hospitali yetu; Muuguzi Mkuu; madaktari, wauguzi, na wenzangu wa maabara; ndugu zangu wa jikoni, wa kufulia na wa getini; mke wangu mpenzi, uliyeketi mstari wa pili na mkoba mapajani kama mtu anayetaka kuondoka mapema; ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe, dada yangu Mama Shuka, fundi cherehani wetu, uliyejibanza kule nyuma karibu na dirisha lisilofungika. Itifaki ilinitaka nikutaje mwisho, nami nimeitii. Lakini hotuba hii ni yako, na wengine wote humu ndani, pamoja na Mheshimiwa, ni wasikilizaji tu.

Ratiba mliyogawiwa mlangoni inasema kwamba mstaafu atatoa neno la shukrani kwa dakika tano, kisha Mheshimiwa atafunua kibao kilichofunikwa kitambaa cha buluu pale kwenye mlango wa chumba cha vipimo vya ngozi, kisha soda. Dakika nitazizidisha. Kitambaa naomba kisiguswe mpaka nimalize, na nikishamaliza sidhani kama kuna atakayetaka kukigusa.

Nimeketi pale mbele kwa saa nzima nikisikiliza sifa zangu. Muuguzi Mkuu amesema kwamba kwa miaka thelathini na sita sijawahi kukosea kusoma mkono hata mmoja. Mganga Mkuu amesema nikitoka mimi, hospitali imekatwa kidole. Mkuu mpya wa maabara, mwanafunzi wangu, amewachekesha kwa kuniiga ninavyotembea na rula nyuma ya sikio, nami nikacheka pamoja nanyi, maana ameniweza kweli. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi langu nililitia maji kitambo, ndugu zangu, na nyinyi mkaendelea kusifia na kunywa.

Wengi mnanijua kwa jina la Mzee Kidole, na wengi hamjui hasa kidole hicho kilikuwa kinafanya nini. Mniruhusu nieleze, kwa sababu bila kuelewa kazi hamtaelewa kosa.

Yuko inzi mdogo wa mchanga, mdogo kuliko mbu, asiye hata na adabu ya mbu ya kupiga kelele sikioni kabla ya kuuma. Anakuja kimya, anauma, anaondoka, na pale alipouma anaacha vimelea ambavyo macho hayawezi kuviona. Mwili una walinzi wake ndani ya ngozi. Mlinzi anafika, anamkuta mgeni asiyemjua, anammeza. Kwa vijidudu vingi kisa huishia hapo. Lakini kimelea hiki hakifi kikimezwa. Kumezwa ndiko kilikokuwa kinakutaka. Kinatulia tumboni mwa mlinzi, kinazaana humo, na mlinzi mwenyewe anakibeba mpaka kwenye bandama, kwenye ini, kwenye uboho wa mifupa. Huo ndio ugonjwa tunaouita kalaazar: homa isiyokoma, mwili unakonda, tumbo linajaa, damu inakwisha, na mgonjwa asipopata dawa yake hufa.

Sasa, si kila anayeumwa na inzi huyo huugua. Wako ambao kinga ya mwili wao huamka mapema, wakaja walinzi wengine wakamwamuru yule wa kwanza akiue alichokimeza, na mtu akaendelea kupalilia shamba lake bila kujua kwamba amepigana vita na ameshinda. Tutamtofautishaje huyu aliyeshinda na yule anayeshindwa? Ndipo kinapoingia kichupa changu. Unachukua maji yaliyotengenezwa kwa vimelea vilivyokufa, tone moja dogo, unalichoma juujuu kwenye ngozi ya mkono, hapa upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Unamwambia mtu aende zake arudi baada ya siku mbili au tatu. Kama mwili wake umewahi kuvishinda vimelea hivyo, ngozi itakumbuka. Walinzi watakusanyika pale na pataota kigumu kama punje ya kunde. Kama mwili haujawahi kuvijua, au kama unavyo sasa hivi na vimeuzidi nguvu, ngozi hukaa kimya. Bapa kabisa, kana kwamba hakuna aliyebisha hodi.

Kwa hiyo kwetu sisi kuvimba ni heri, na ngozi tulivu ndiyo ya kuogopwa. Mgonjwa mwenye homa ndefu na mkono bapa, unamshuku kalaazar. Mwenye homa ndefu na mkono uliovimba, unatafuta ugonjwa mwingine. Watu walichelewa kulielewa hili. Bibi mmoja aliposikia kwamba waliovimba ndio wenye bahati, alishinda kutwa akijipiga mkono kwa mwiko, akaja kwangu mkono umefura mpaka kiganjani. Nikaupapasa, nikamwambia, bibi, huu ni mwiko, si kinga. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza nimejuaje. Habari ile ilienea, na tangu siku hiyo nikawa Mzee Kidole.

Nilijuaje? Kwa sababu uvimbe wa kinga hausomwi kwa macho. Unashika kalamu ya wino, unaianzisha mbali kwenye ngozi laini, unaivuta polepole kuelekea palipoinuka, na pale ugumu unapoanzia, kalamu hukwama. Hukwama kidogo sana. Aliye pembeni haoni kitu. Kidole chako ndicho kinachosikia. Unaacha alama, unakuja upande wa pili, kalamu inakwama tena, unaacha alama nyingine, kisha unapima kwa rula kati ya alama na alama. Milimita tano kwenda juu, ana kinga. Chini ya hapo, hana. Wekundu hauhesabiwi. Mng'ao hauhesabiwi. Ngozi inaweza kukolea rangi kwa kukunwa, kwa jasho, hata kwa sabuni mbaya. Nimefundisha hivyo wanafunzi wa miaka yote, na waliosoma kwa macho niliwagonga vidole kwa rula hiyohiyo, nikawaambia: macho hudanganya, kidole hushuhudia. Najua mnayakumbuka maneno hayo, maana ndiyo mliyoyachonga kwenye kibao kilicho chini ya kile kitambaa cha buluu.

Mwaka juzi, asubuhi moja nyumbani kwangu, nilikuwa nimesimama jikoni namsimulia mke wangu vituko vya jirani yetu na kuku wake. Mkononi nimeshika birika lililotoka motoni. Nimelishika tumboni badala ya mpini, na wala sijui. Hadithi inaendelea. Mke wangu ndiye aliyesikia harufu. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba watoto, unaungua." Nikatazama. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimebabuka, ngozi imebaki kwenye bati, na mimi sijasikia hata joto.

Ganzi ilikuwa imeingia zamani. Mishipa ya fahamu imebanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, jambo la kawaida kwa mtu wa kazi kama yangu na umri kama wangu; daktari yeyote kati yenu angelitambua kwa dakika mbili. Mimi nilikuwa nikijiambia ni baridi ya jokofu la dawa. Mke wangu alinifunga kidonda kwa kitambaa, akaniambia kwamba mkono ule haukuwa wangu peke yangu, na kwamba niende nikawaambie siku ileile. Nikamjibu kuwa nitawaambia. Akauliza lini. Nikasema Jumatatu. Ndugu zangu, Jumatatu hiyo imefika leo, na leo ni Ijumaa ya mwaka wa tatu.

Mtauliza, kwa nini sikusema? Nimejiuliza swali hilo kwa muda mrefu kuliko mtakavyoweza kuniuliza nyinyi. Ningepoteza nini? Mkuu wa maabara huyu mliyemsikia akiniiga alikuwa meza ya pili, anajua kusoma mkono kama mimi, na kwa sasa kuliko mimi. Angeshika kalamu yeye, na mimi ningehamishiwa dirisha la kupokelea makopo ya choo, ambayo ni kazi ya halali na ina kiti kizuri. Lakini pale dirishani ningeitwa nani? Nilikuwa nikipita kwenye korido, watu wananipisha. Madaktari waliosoma miaka mingi kuliko mimi walikuwa wakisimamisha kalamu zao kungoja neno langu. Nililipenda jina, ndugu zangu. Kidole kilikuwa kimekufa, nami nikaendelea kukitembeza kama kizima, kwa sababu ya jina.

Miezi mitano baada ya birika lile, homa ilimshika binti wa Mama Shuka.

Wageni hamkumjua, kwa hiyo niseme alikuwa nani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto pekee wa mama yake, na hospitali nzima ilimwita Sindano. Kwanza kwa wembamba wake. Pili kwa sababu macho ya Mama Shuka yalianza kufifia mapema, na binti huyu ndiye aliyekuwa akija kila siku kwenye chumba cha cherehani, pale nyuma ya kufulia, kumtungia mama yake uzi kwenye sindano. Alikuwa anazitunga ishirini kwa mpigo, anazichomeka kwenye mto mdogo mwekundu, ili mama azikute tayari yeye akiwa masomoni. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu. Shuka mlizolalia humu hospitalini, mapazia ya wodini, makoti mnayoyavaa, vyote vilishonwa kwa nyuzi zilizotungwa na yule mtoto.

Daktari wa wodi ya wanawake alimshuku kalaazar mapema. Nasema hili kwa sauti, naomba lisikike mpaka dirishani: daktari yule alishuku, na alishuku sawasawa. Vipimo vya haraka vya damu vilikuwa vimekwisha kwa mwezi wa pili. Kwa hiyo aliandika barua ya rufaa ili Sindano apelekwe hospitali kubwa akachukuliwe uboho. Barua ilikuwa mezani kwake, imetiwa sahihi na mhuri. Akaniomba tu nimsomee mkono, ili picha ikamilike.

Siku ya tatu baada ya kuchomwa lile tone, Sindano alikuja chumbani kwangu. Alikaa, akauweka mkono wake juu ya mto, akatazama rula yangu. Alikuwa akiniita mjomba, kwa kuwa mama yake ananiita kaka. Akaniuliza, "Mjomba, nimefaulu?"

Pale nilipomchoma palikuwa na waa lililokolea rangi, linang'aa. Alikuwa amejikuna, alama za kucha zilionekana. Nikashika kalamu, nikaianzisha mbali, nikaivuta, nikangoja ikwame. Sikusikia inapokwama wala inapopita. Sikuisikia ngozi ya mtoto yule, wala kalamu yenyewe sikuisikia. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu, naye ananitazama usoni akingoja matokeo yake. Hatua nne kutoka pale nilipokaa palikuwa na mtu mwenye vidole vizima. Ningemwambia tu, njoo uguse hapa. Maneno matatu. Badala yake nikaweka alama pale waa lilipoanzia, nikaweka nyingine pale lilipoishia, nikalaza rula. Milimita saba.

Nikamwambia, "Umefaulu."

Mkono wake ulikuwa bapa, ndugu zangu. Leo najua ulikuwa bapa kama meza hii. Ngozi yake ilikuwa inasema kwa njia pekee inayoijua kwamba mwili umezidiwa na unahitaji msaada, na mimi niliyelipwa maisha yangu yote kuisikiliza ngozi nikaiandikia maneno ambayo haikuyasema.

Daktari alipoona milimita saba kwenye rejesta, na sahihi yangu pembeni, aliichana ile barua ya rufaa. Tulikutana kwenye korido akanishukuru kwamba nimemwepushia binti safari ndefu. Wakaanza kumtibu malaria. Ikashindikana, wakamtibu homa ya matumbo. Ikashindikana, wakaanza kutafuta kifua kikuu. Daktari alikuwa akirudi kwenye rejesta yangu kila mara shaka inapomrudia, anakuta saba, anaendelea kutafuta kwingine. Angefanyaje? Alikuwa amefundishwa kuniamini. Nani aliyemfundisha? Mimi mwenyewe, na nyinyi nyote.

Wiki ya tano nilipita wodini. Sindano alikuwa amelala chali, na upande wa kushoto wa tumbo lake shuka ilikuwa imeinuka. Ilikuwa bandama. Nilisimama mguuni pa kitanda kile na nikajua. Nisiwadanganye kwamba sikujua. Nikajiambia kwamba malaria nayo huvimbisha bandama, jambo ambalo ni kweli, limo vitabuni, na nikajificha nyuma ya kitabu kama mtoto nyuma ya pazia. Mama Shuka alikuwa ameketi pembeni anapinda ukingo wa foronya kwa mkono. Alinipisha kiti. Nikasema nina haraka.

Wiki ya tisa alianza kutokwa damu puani, ndipo gari la wagonjwa lilipompeleka hospitali kubwa. Jumanne walimchukua uboho. Alhamisi akafariki.

Majibu ya uboho yalirudi wiki iliyofuata, kwa mkono wa dereva, yakaletwa maabara kama majibu yote yanavyoletwa, juu ya meza yangu. Mistari miwili: vimelea vya kalaazar vimeonekana, kwa wingi sana. Niliisoma barua ile nimesimama. Kisha nikaikunja, nikaiweka kwenye droo, chini ya mabunda ya karatasi za chujio, na hakuna mwingine aliyewahi kuiona. Wodini watu wakanong'ona kwamba daktari ndiye aliyechelewesha. Nilizisikia zile nong'ono. Kuna siku nililetewa moja nikiwa nakunywa chai, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Daktari yule aliacha kucheka, akaomba uhamisho, akaenda. Jana nimemwandikia barua. Sitarajii majibu.

Siku ya maziko, Mama Shuka alinishika mkono, mkono huuhuu, akaniuliza, "Kaka, wewe ndiye unayejua mambo haya. Mwanangu kauawa na nini?"

Nikamwambia, "Ni damu tu, dada. Siku yake ilikuwa imefika."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru kwamba angalau mimi nilimpima vizuri.

Dada yangu, haikuwa siku yake. Dawa ya kalaazar ilikuwepo, kabatini, hatua mia moja kutoka kitandani pake. Wengi wanaoanza kuipata mapema hupona. Wiki ile ya kwanza, angepelekwa, angepimwa, angerudi na jibu, angetibiwa. Leo angekuwa mwaka wa pili wa ualimu. Sisemi haya ili kukutonesha. Nayasema kwa sababu umekaa karibu miaka miwili ukiamini kwamba Mungu ndiye aliyemchukua kwa tarehe yake, na mimi nimekuacha umsingizie Mungu kazi yangu.

Naomba nimalizie mengine, kisha nitanyamaza.

Baada ya Sindano sikuacha. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Mngedhani mtu akishaua kwa kalamu ataiweka chini. Mimi niliendelea kusoma mikono kwa macho kwa zaidi ya mwaka, kwa kuwa kuacha ghafla kungewafanya watu waulize. Tangu asubuhi ile ya birika, nimesoma mikono mia mbili na kumi na minne. Kati ya hiyo, ukimtoa Sindano, sitini na mmoja niliwaandikia kwamba wamevimba, wana kinga, waende nyumbani. Majina yao nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu, na rejesta iko hapa mezani. Wangapi kati yao walivimba kweli? Sijui. Hayupo anayejua. Labda wote. Labda nusu.

Mtaniambia, basi warudiwe kupimwa. Kwa kitu gani? Wenzangu wa maabara wanajua, Mheshimiwa hajui: lile jokofu la chumba cha ngozi ni tupu. Kichupa cha mwisho kilikwisha kabla ya mvua, waliokuwa wanatutengenezea maji yale wameacha, na maombi yetu yote yamejibiwa kwa barua za pole. Chumba mnachotaka kukipa jina langu leo hakina kipimo. Kina meza, mto wa kuwekea mkono, na rula. Mwezi uliopita nilianza kwenda mwenyewe kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nikitafuta wale sitini na mmoja. Nilifika nyumba kumi na moja. Nane niliwakuta wazima, wakanikaribisha kiti na kuniita Mzee Kidole. Mbili nilikuta wamehama. Ya kumi na moja, mwanamke aliyekuwa anaanika nguo aliniambia mume wake alizikwa wakati wa baridi. Nikauliza aliugua nini. Akasema homa. Nikampa pole, nikaondoka. Sikuuliza homa ya namna gani, na sikurudi tena barabarani baada ya hapo. Miguu ilikataa.

Mganga Mkuu, nakuomba hili: wamebaki hamsini, na wale wawili waliohama. Watu wenye miguu na wenye mikono hai wawatafute, wawapapase matumbo, wasiangalie nilichoandika. Mengine yanayonihusu mimi utaamua wewe na sheria, nami nitaitika nitakapoitwa. Mheshimiwa, nakuomba usikifunue kile kibao. Mkuu wa maabara, mwanangu, leo uliniiga vizuri mno. Nakuomba uishie kwenye kutembea. Mke wangu, uliniambia siku ileile. Sina la kuongeza hapo.

Msinisamehe kwa haraka. Naona wengine tayari mna nyuso za huruma, na huruma yenu mtanipa kwa sababu mnanipenda, kama mlivyoniamini kwa sababu mlinipenda. Huruma hiyo haitamrudisha mtoto kwenye mto ule mwekundu. Nimeitafuta njia ambayo kusema kwangu leo kunasaidia kitu, nimegeuza huku na huku, nami sijaiona. Nasema tu kwa kuwa kukaa na sifa zenu kwa saa moja kumenishinda.

Koti hili jeupe nililovaa ndilo zawadi mliyonipa leo. Amelishona Mama Shuka. Juzi aliniita chumba cha cherehani anipimie mikono. Nilimkuta dirishani anatunga uzi, anaulowesha kwa ulimi, anakosa tundu, anarudia. Nilimhesabia mara saba. Mto mwekundu upo palepale, mtupu. Alipofika kwenye kubana mkono wa koti, pini ilipita kitambaa ikaingia kwenye kidole changu hiki, cha shahada, ikazama mpaka damu ikadondoka kwenye koti. Doa lake hili hapa, amejitahidi kulifua. Alishtuka sana. Akakikamata kidole kwa mikono yake miwili, akakifuta, akaniomba radhi mara tatu. "Nisamehe kaka, nimekuumiza."

Nikamwambia, "Haikuuma, dada."

Dada yangu, tangu tumlaze mwanao chini, hilo ndilo neno pekee la kweli nililowahi kukuambia.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa. Mama Shuka, ile barua ya uboho iko hapa mezani, juu ya rejesta. Mwombe mtu mwingine akusomee.